Kumpokea mtoto si hisani
Habari hii ya mwalimu mkuu aliyemwambia mzazi ampeleke mwanawe mwenye ulemavu kwenye shule za wenzake imeniumiza. Nami niliambiwa hivyohivyo huku Mbagala, binti yangu akiwa kwenye kiti mwendo mlangoni, anasikia kila neno. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, na inampa haki ya kusoma shule ya kawaida, ya serikali au ya binafsi. Si hisani ya mtu! Shule iliyompokea ilihamishia tu darasa lake chini, fundi akamwaga zege la mteremko mlangoni ili kiti kipite, siku mbili kazi ikaisha. Bado choo cha kumfaa. Mtoto hanywi maji asubuhi ili asibanwe akiwa shuleni. Wakaguzi, tafadhali, mkifika shuleni anzieni chooni.