Kofi Lisilosikika

Mara ya kwanza niliitazama filamu hii bubu bila muziki. Sikuwa na nia yoyote ya kisanaa. Ilikuwa usiku wa manane, spika za masikioni zimekufa upande mmoja, na nyumbani watu wamelala. Nikabaki na picha tupu kwenye simu: mtu anazabwa kofi, umati unaangua kicheko, chumbani kimya. Tangu usiku ule siwaelewi wanaosema sinema bubu ilikuwa nusu sinema, ikingoja sauti ije kuikamilisha.

Filamu yenyewe ni He Who Gets Slapped ya mwaka 1924, yaani "yule azabwaye makofi". Aliyeiongoza ni Victor Sjöström, Mswidi aliyehamia Hollywood, na hadithi ilitoka kwenye tamthilia ya Mrusi Leonid Andreyev. Mambo yanatokea Ufaransa. Paul Beaumont, mwanasayansi fukara, ametafiti kwa miaka asili ya binadamu huku akifadhiliwa na Baron Regnard. Siku ya kuwasilisha utafiti mbele ya wanaakademia, Baron anausoma kana kwamba ni wake. Beaumont anapinga, anazabwa kofi. Wasomi wazima, mvi na ndevu zao, wanacheka. Anakimbilia nyumbani kwa mkewe, kumbe naye ni wa Baron: kofi la pili, na juu yake anaitwa chale.

Basi anakuwa chale kweli. Anajiunga na sarakasi, jina lake analitupa, anajiita "Yeye" tu. Mchezo wake ni huohuo mmoja. Anafungua kinywa kusema jambo la maana, chale mwenzake anamzaba. Akijaribu tena, anazabwa tena, jioni baada ya jioni, na watu wamelipa kiingilio. Kisha wanamng'oa kifuani moyo wa kitambaa na kuuzika mchangani.

Sasa hebu fikiria hadithi hii ikiwa na sauti. Tungemsikia Beaumont akijieleza mbele ya wale wazee, tukamwamini, tukakaa zetu upande wa haki tukiwa tumeridhika. Sinema bubu haikupi nafasi hiyo. Unaiona midomo yake ikihangaika na neno hulisikii, kama wao tu. Vibao vya maandishi vinakupa sentensi mbili tatu, basi. Mtu asiyesikilizwa, hata wewe unayemhurumia humsikii. Sijui njia nyingine ya kuisimulia hali hiyo iliyo ya kweli kuliko hii.

Halafu yupo Lon Chaney, aliyemwigiza Yeye. Wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi. Alikua akiongea nao kwa mikono na uso, na nadhani ndiyo maana hapa hapapariki kama waigizaji wengi wa enzi ile. Kuna mahali Consuelo, binti anayecheza juu ya mgongo wa farasi (Norma Shearer), anamshonea ule moyo wa kitambaa kwenye vazi lake. Akiwa karibu hivyo, sindano mkononi, Yeye anamwambia kwamba anampenda. Binti anadhani ni utani wa kazini. Anacheka, anampiga kakofi ka mchezo. Na Yeye naye anacheka, kwa sababu afanyeje? Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini huyu usaha alikuja nao, mzaha ukafuata. Kofi hilo jepesi kuliko yote ndilo lililoniuma.

Simba ndiye simpendi. Mancini, baba yake Consuelo, mwinyi aliyefilisika, anataka kumwoza binti kwa Baron yuleyule, hali binti ana wake, Bezano, mwenzake wa farasi. Yeye anawafungulia wazee hao wawili simba. Unajenga maumivu kofi kwa kofi kwa zaidi ya saa nzima, kisha kesi unamwachia mnyama? (Na hii ndiyo filamu ya kwanza kutengenezwa na MGM, kampuni iliyoundwa mwaka huohuo, yenye nembo ya simba, wakati huo bado hana mngurumo. Simba mwanzo, simba mwisho.)

Namsamehe Sjöström kwa sababu ya kinachofuata. Yeye, amechomwa upanga uliofichwa ndani ya bakora, anajikokota hadi ulingoni. Umati unacheka. Jioni zote zilizopita umezoeshwa kucheka akianguka, utajuaje kwamba leo ni tofauti?

Najua kumbi za 1924 hazikuwa kimya. Palikuwa na piano, na kubwa kubwa zilikuwa na okestra. Kwa hiyo juzi nimeirudia na spika mpya, muziki uko juu. Fidla zikaanza kulia kabla hata hajafika katikati ya ulingo, zikinielekeza: sasa huzunika. Nikazima sauti, nikarudisha nyuma, nikamwacha aingie tena.