Msifyeke makaburi ya ukoo kabla hamjayasoma

Jamani hili linaniuma kweli. Familia ikiamua kutafuta makaburi ya zamani ya ukoo, yale yasiyo na majina, kitu cha kwanza ni panga na jembe. Watu wanafyeka, wanang'oa, mawe yanarundikwa pembeni, jioni pamekuwa peupe na kila mtu anapiga picha. Sasa yale mawe mliyorundika ndo zilikuwa alama zenyewe!

Wengi hawakuchongewa chochote, waliwekewa jiwe la kawaida kichwani na lingine miguuni basi, ukiliona moja utalipita, ila ukikuta mawili yanatazamana na katikati ardhi imetitia kidogo, hapo simama. Jeneza likioza udongo unashuka, na ule uliofukuliwa haushikani kama ambao haujawahi kuguswa. Kishimo kikiwa kifupi sana mara nyingi ni mtoto. Nendeni asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini vivuli vinavitoa vishimo vyote ambavyo saa sita mchana huvioni kabisa. Na maua yanayoota pale peke yake msiyang'oe, huenda kuna mtu aliyapanda kwa ajili ya mtu wake. Pigeni picha, chukueni lokesheni kwa simu, choreni ramani, ndipo mfyeke, tena taratibu.

Kuna wanaokimbilia rada ya kupima ardhi, ile mashine inayotuma mawimbi chini ya udongo. Siipingi, lakini inaonyesha udongo ulipovurugwa tu, haikwambii aliyelala pale ni nani, na kwenye mfinyanzi uliolowa haioni mbali. Majina wanayo wazee, na wazee wanaondoka kila siku. Mpelekeni shangazi palepale, mpeni kiti, mrekodini. Usimuulize nani kazikwa hapa, atakwama, muulize msiba gani anaukumbuka, jeneza lilipitishwa wapi, yeye alikuwa amesimama na nani, utashangaa anavyoanza kunyoosha kidole mwenyewe. Jina akilitaja lipelekeni kwenye daftari la maziko la kanisani au kwenye vyeti vya vifo mlinganishe miaka.

Na kama halijathibitika, nawasihi, msilichonge. Jina la kukisia likishakaa kwenye jiwe wajukuu wataliamini na hakuna atakayeuliza tena. Wekeni namba tu, namba hiyohiyo iandikwe kwenye ramani pamoja na maneno ya shangazi kama alivyoyasema, na nakala zikae kwa watu watatu wanne wa nyumba tofauti.