Muziki Katika Gari la Paa Wazi: Anza na Spika Iliyo Karibu na Sikio

Nimekuwa na gari dogo la viti viwili, lenye paa la turubai la kukunja, kwa miaka kadhaa sasa, na katika muda huo nimeufanyia mfumo wake wa muziki matengenezo makubwa mara mbili. Mara ya kwanza nililichukulia kama gari lingine lolote: nikaongeza amplifaya (kikuza sauti) yenye wati nyingi, nikabadilisha spika za milangoni, na kwenye buti nikaweka boksi la sabufa, ile spika kubwa ya besi, lililokula karibu nusu ya nafasi. Gari likiwa limeegeshwa huku paa limefungwa, muziki ulikuwa mzito na mtamu. Nilipolikunja paa na kuingia barabara kuu, besi, yaani zile sauti nzito za chini, ilitoweka, sauti ya mwimbaji ikawa kama inatoka ndani ya kopo, na kila nilipoongeza sauti ili nipate maneno ya wimbo, ndivyo masikio yalivyozidi kuniuma. Mara ya pili niliondoa sehemu kubwa ya vifaa hivyo, nikatumia wati chache zaidi, na sasa ninasikia kila neno. Ninaamini wengi wenye magari ya aina hii wanalirudia kosa langu la kwanza, kwa kuwa ushauri mwingi kuhusu muziki wa gari umetolewa kwa kufikiria magari yenye paa la bati.

Tuanze na upepo, maana ndio unaotawala mambo yote mengine. Gari la paa wazi likikimbia kilomita 100 kwa saa, kelele inayofika kwenye sikio la dereva inaweza kufikia desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) na hata kupita hapo, kutegemea umbo la kioo cha mbele, urefu wa dereva mwenyewe, na kama vioo vya pembeni vimepandishwa au la. Kelele hiyo haigawanyiki sawasawa katika masafa yote, yaani kuanzia sauti za chini hadi za juu. Sehemu kubwa ya nguvu yake iko chini, kwenye ngurumo, ambako ndiko besi ya muziki inakokaa, na kwa hiyo besi ndiyo humezwa kwanza. Tena gari lililofungwa huwa linaisaidia besi bila gharama yoyote. Wimbi la hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, ambao ni mkubwa kuliko chumba chote cha gari dogo, hivyo spika inapolitoa huwa inaigandamiza na kuiachia hewa yote ya ndani kama pampu, na shinikizo hilo ndilo sikio hulipokea kama uzito wa ngoma. Paa likishakunjwa, hewa hiyo haina tena chombo cha kuishikilia, na msaada ule hupotea wote kwa mara moja.

Kwa sababu hiyo, kabla mtu hajanunua spika hata moja, ningemshauri apandishe vioo vya pembeni na afunge kizuia upepo nyuma ya viti, kile kipande cha wavu au cha plastiki angavu kinachozuia upepo usirudi kwa nyuma na kuzunguka shingoni. Kila desibeli ya kelele inayoondolewa kwa njia hii ni desibeli ambayo amplifaya haitalazimika kuipigania.

Sasa nifike kwenye hoja yangu yenyewe. Watu hupenda kuhesabu wati, lakini hesabu ya wati ina tabia moja inayovunja moyo: ukizidisha nguvu ya amplifaya mara mbili, unapata nyongeza ya desibeli 3 tu, ambayo sikio huiona ni tofauti ndogo. Ili sauti isikike kuwa kubwa maradufu kwa masikio ya watu wengi, inahitajika nyongeza ya takriban desibeli 10, yaani nguvu mara 10. Umbali, kwa upande wake, una hesabu ya ukarimu zaidi. Mahali pa wazi, ambako hakuna kuta za kurudisha sauti, ukiusogelea mdomo wa spika hadi nusu ya umbali wa awali unapata desibeli 6, ambazo kwa njia ya umeme zingehitaji wati mara 4. Gari la paa wazi ni mahali pa wazi kwa kiasi kikubwa. Spika iliyo sentimita 20 kutoka sikioni, ikilinganishwa na ile ya mlangoni iliyo sentimita 80, ina faida ya takriban desibeli 12 kabla hata hatujataja ukubwa wa amplifaya, na tena haielekei kwenye magoti ya dereva kama ilivyo spika ya mlangoni.

Ndiyo maana naamini kwamba spika za kwenye viegemeo vya kichwa, ambazo wengi huziona kama pambo, ndizo kiini cha mfumo wa gari la aina hii. Wazo hili si geni. Mazda MX-5, gari la viti viwili la paa wazi, ambayo ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Chicago mwaka 1989, ilikuwa na spika za viegemeo vya kichwa katika baadhi ya matoleo ya kizazi chake cha kwanza, na kizazi cha nne cha gari hilo hilo kimekuwa na mfumo wa Bose wa spika 9 ambao baadhi yake zimo ndani ya viegemeo. Kwa mtu ambaye kiti chake hakina spika hizo, kazi ya kuziweka ni ya kushona na ya kuchonga sponji zaidi kuliko ya umeme: spika ndogo za inchi 2 au 3, waya laini wenye kunyumbuka unaopita ndani ya kiti na kuachiwa ziada ya kutosha ili kiti kikisogezwa mbele usikatike, na kitambaa kinachopitisha sauti mbele yake. Angalizo moja ni la lazima. Kiegemeo cha kichwa kipo ili kulinda shingo wakati gari linapogongwa kwa nyuma, kwa hiyo kisichongwe hadi kikabaki ganda, wala kisiwekewe kitu kigumu chenye ncha mahali ambapo kichwa kitatua. Na viti vyenye mfuko wa hewa wa pembeni visifunguliwe na mtu asiyejua anachokigusa.

Kasoro ya spika hizi ni kwamba zikiachwa bila kurekebishwa, mwimbaji huonekana kuimbia kisogoni. Sikio la binadamu huamua sauti inatoka wapi kwa kufuata ile iliyotangulia kufika, hata kama ile ya pili ina nguvu kidogo zaidi. Kwa kuwa sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa kila milisekunde, spika ya kisogoni humfikia msikilizaji milisekunde 2 hivi kabla ya ile ya mlangoni. Prosesa ya sauti ya kidijitali, ambayo siku hizi hupatikana ikiwa imejengwa ndani ya amplifaya ndogo au redio yenyewe, inaweza kuichelewesha spika hiyo kwa milisekunde 3 au 4, na hapo mwimbaji anahamia mbele, juu ya dashibodi, huku spika za kisogoni zikiendelea kuyapa maneno uwazi wake. Siku niliporekebisha ucheleweshaji huo nilikaa ndani ya gari kwa muda mrefu nikirudia wimbo uleule, kwa sababu sikuamini kwamba badiliko dogo vile la muda lingeweza kuhamisha jukwaa zima.

Baada ya viegemeo ni milango, na hapa ndipo mafundi wengi huharakisha. Spika hutoa sauti kwa mbele na kwa nyuma, na mawimbi ya nyuma huwa kinyume na yale ya mbele. Yakikutana, sauti za chini hufutana. Mlango wa gari umejaa matundu makubwa upande wa ndani, yaliyofunikwa kwa nailoni nyembamba tu, kwa hiyo spika nzuri iliyofungwa kwenye mlango mtupu hupoteza besi ambayo mwenyewe amekwisha kuilipia. Shiti za butili, aina ya mpira unaonata, zenye alumini juu yake, zikibandikwa kwenye bati la nje kisha zikatumiwa kuyaziba yale matundu ya ndani, huufanya mlango uwe boksi. Katika gari langu kazi hiyo pekee, kabla sijabadilisha spika, ilirudisha sehemu ya ngoma ambayo nilidhani ingehitaji sabufa.

Lakini mlango wa gari la paa la turubai hupokea maji mengi kuliko wa gari la kawaida, kwa sababu kioo chake hakina fremu ya bati juu na mpira unaokikumbatia huchakaa. Maji huteremka ndani ya mlango na kutoka kupitia matundu madogo yaliyo chini kabisa. Fundi aliyenifungia mfumo wa kwanza aliyaziba matundu hayo kwa shiti zile zile, na baada ya mvua za msimu mmoja tu nikawa nasikia maji yakicheza ndani ya mlango kila nilipokata kona. Spika ya upande huo ilikufa, na kutu ikaanza. Tangu hapo nimekuwa mkali kuhusu mambo matatu: matundu ya chini yabaki wazi, koni ya spika iwe ya plastiki aina ya polipropilini au karatasi iliyotiwa dawa ya kuzuia maji, na ukingo wake unaonyumbuka uwe wa mpira, si wa sponji, kwa kuwa sponji huoza kwa unyevu na jua. Hata ringi ya kufungia spika isiwe ya mbao za kubandikwa, ambazo huvimba. Na kabla ya kuchimba tundu lolote, kioo kishushwe hadi mwisho, kwa sababu sumaku ya spika yenye kina kirefu inaweza kukutana nacho.

Amplifaya haihitaji maneno mengi. Redio iliyoandikwa wati 50 mara 4 kwa kawaida hutoa wati 15 hadi 22 za kudumu kwa kila spika, na hizo hazitoshi kuushinda upepo bila sauti kuanza kupasuka. Amplifaya ndogo ya daraja la D, aina isiyopoteza umeme mwingi kuwa joto, yenye wati 50 za kweli kwa kila chaneli inatosha, haipati joto kali, na hukaa chini ya kiti au nyuma ya dashibodi mahali pasipofikiwa na maji. Ikifanya kazi kwa nguvu zake zote kwenye chaneli 4 huvuta karibu ampea 18, kwa hiyo waya wake wa chanya uwe mnene na fyuzi ikae karibu sana na betri, maana kazi ya fyuzi hiyo ni kuulinda waya usishike moto pale unapochunika na kugusa bodi. Katika vizazi viwili vya mwanzo vya MX-5 betri imo kwenye buti, jambo linalofupisha safari ya waya.

Sabufa nimeitoa, na sina mpango wa kuirudisha. Najua wapo wanaopenda besi wasioweza kukubaliana nami, na kwa wale wanaoendesha zaidi paa likiwa limefungwa nawaelewa. Sabufa bapa ya chini ya kiti, ambayo mtu huihisi mgongoni na mapajani, inaweza kuwafaa. Lakini boksi kwenye buti la gari hili ni kosa mara mbili. Buti limetenganishwa na chumba cha dereva kwa bati, hivyo besi hufika ikiwa imedhoofika, kisha ikakutana na ngurumo ya upepo. Na gari lililoundwa kuwa jepesi, ambalo raha yake yote iko katika jinsi linavyogeuka, linabebeshwa kilo 20 za mbao na sumaku nyuma kabisa. Mimi huzikata sauti zote zilizo chini ya takriban hezi 80 ninapoendesha paa likiwa wazi. Spika za milangoni hupumua, hazihangaiki na mawimbi ambayo hakuna atakayeyasikia, na nguvu yote huenda kwenye sauti za kati, ambako maneno, gitaa na tarumbeta vinaishi.

Kwa hiyo katika redio nina mipangilio miwili, mmoja wa paa wazi na mwingine wa paa lililofungwa, na naibadilisha kila mara kwa kitufe kimoja. Ule wa paa wazi, ukiusikiliza gereji, ni mkali na mwembamba, na fundi yeyote angesema umeharibika. Hauwezi kupimwa gereji. Nilimwomba rafiki aendeshe kwa kasi ya barabara kuu, nami nikakaa kiti cha abiria nikiyagusa masafa moja moja, kisha tukabadilishana viti, na kazi hiyo ilituchukua jioni mbili.

Jambo ambalo bado linanishughulisha ni usalama wa masikio. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila nyongeza ya desibeli 3 huupunguza muda huo kwa nusu, hivyo kwenye desibeli 94 inabaki saa 1 tu. Dereva wa paa wazi tayari yuko karibu na kikomo hicho kwa upepo peke yake, kabla hajawasha redio. Kwa mfumo wangu wa kwanza, nilipokuwa nikisimama kwenye taa za barabarani ilinibidi nikikimbilie upesi kitufe cha kupunguza sauti, kwa jinsi watu wa pembeni walivyogeuka kutazama. Sasa nikisimama napunguza kidogo tu, na safari nyingine nasahau kupunguza, na aliye kwenye gari la jirani hageuki.