Leseni ya Windows uliyokwisha kuilipia usikubali ifutwe

Watu wengi hapa Arua, Uganda, na naamini hata Kampala, Mbale na Busia, wanatumia Windows ya wizi kwenye mashine ambazo tayari zina leseni halali. Leseni hiyo waliilipia siku waliponunua laptopu, maana ilikuwa ndani ya bei. Baadaye mashine ikawa nzito, ikapelekwa kwa fundi, fundi akaifomati, yaani akafuta vyote vilivyokuwamo, na kupiga Windows nyingine iliyokuwa kwenye flashi yake. Tangu hapo mwenye mashine anatumia programu isiyo yake, na iliyo yake imelala humo humo ndani bila kuguswa.

Jambo hili linaniuma. Chanzo chake ni kwamba hatujaelezana vya kutosha tofauti kati ya leseni inayotoka kiwandani pamoja na kompyuta, na leseni inayouzwa peke yake kwa rejareja.

Leseni ya kiwandani, ambayo wauzaji huiita OEM, hununuliwa na HP, Dell, Lenovo na wenzao kwa wingi mkubwa, ndiyo maana bei yake ni ndogo. Hufungwa kwenye kompyuta moja na haitoki hapo. Ukiuza mashine, leseni inakwenda na mnunuzi. Mashine ikifa, nayo imekwisha. Ukikwama, anayepaswa kukuhudumia ni kampuni iliyotengeneza kompyuta, si Microsoft. Ya rejareja unainunua wewe, kwenye kasha au mtandaoni. Kwa bei ya Marekani Windows 11 Home, toleo la matumizi ya nyumbani, ni dola 139, karibu laki tano za shilingi zetu, na Pro, toleo la kazi, inakaribia dola 200. Hiyo unaruhusiwa kuihamishia kompyuta nyingine, mradi uiondoe kwanza ilikokuwa, na msaada unauomba Microsoft moja kwa moja. Ya kwanza ni kama namba ya boda boda, hubaki na pikipiki hata ikipita mikononi mwa watu kumi. Ya pili ni helmeti yako: unahama nayo, ila haivaliwi na vichwa viwili kwa wakati mmoja.

Swali ambalo wateja hawaulizi ni hili: leseni ya kiwandani imekaa wapi hasa? Enzi za Windows 7 ilikuwa kwenye stika chini ya laptopu, herufi na tarakimu 25, na joto la mapaja na vumbi vikishaifuta ndiyo basi. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji walianza kuandika ufunguo huo ndani ya chipu ya BIOS, ile programu inayoiwasha kompyuta, iliyo kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Hauonekani kwa macho, lakini kufomati hakuufuti. Hata ukitupa diski na kuweka mpya, upo. Ukipakua Windows kutoka tovuti ya Microsoft, jambo lisilo na malipo, ukaipiga kwenye mashine hiyo, kisakinishi kinausoma ufunguo chenyewe, kinachagua toleo lake, na mara mashine inapopata intaneti Windows inathibitika, yaani Microsoft inaitambua kuwa halali, bila wewe kuandika chochote.

Kwa nini basi mafundi hawafanyi hivyo? Sitawatukana, nawajua, na wengi ni vijana wachapakazi. Faili la Windows 11 ni zaidi ya GB 5, na bando ni ghali. Kwa hiyo fundi anapakua mara moja, mara nyingi toleo la Pro, na flashi hiyo moja inahudumia mtaa mzima. Laptopu nyingi za bei ya kati zinazoletwa katika nchi kama yetu zina leseni ya Home, tena ile ya lugha moja. Ukilazimisha Pro juu yake, ufunguo wa Home hauifungui. Fundi anaona Windows haijathibitika, anahitimisha kwamba mashine haina leseni, anaweka programu ya kudanganya uthibitisho. Ili programu hiyo ifanye kazi, anazima kinga ya virusi. Mteja anafurahi kwamba amepewa Pro. Kwa kweli ameondolewa kitu halali, akapewa kisicho halali, na mlango wa nyuma umeachwa wazi kwenye mashine anayoingilia akaunti yake ya benki.

Dawa ni kuangalia kabla ya kufomati. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /dli, subiri kidirisha. Ukiona neno OEM_DM, hiyo ni leseni ya kiwandani. Ukiona RETAIL, mara nyingi ni ya rejareja. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT kwenye laptopu ya mtu binafsi, shtuka, kwa sababu hiyo ni aina ya tatu, ya ofisi kubwa, na ndiyo hasa ambayo programu za udanganyifu huiigiza. Kuusoma ufunguo ulio kwenye mazabodi, fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri lililomo ndani ya Windows, uandike (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey. Zikitokea herufi na tarakimu 25, mashine ilizaliwa na leseni. Pasipotokea kitu, ama ni ya zamani ya stika, ama ilitoka kiwandani bila Windows.

Aina hiyo ya tatu inawahusu sana wanaonunua mitumba, na hapa kwetu mitumba ndiyo soko lenyewe. Wafanyabiashara wanaovuka kutoka Ariwara, upande wa Kongo, huja Arua kutafuta laptopu zilizotumika Ulaya, ThinkPad na EliteBook na Latitude, mashine imara zilizostaafu maofisini. Nyingine hufika zikiwa na Windows ya ofisi ile ya zamani. Windows hiyo hujithibitisha kwa seva, yaani kompyuta kuu, ya ofisi, na kila uthibitisho unadumu siku 180. Muuzaji anaiwasha mbele yako, inafanya kazi vizuri, unalipa. Miezi michache baadaye maandishi ya kudai uthibitisho yanatokea kwenye kona ya skrini na muuzaji anakuambia nunua ufunguo. Usinunue kwanza! Leseni za Windows za ofisi kubwa huwekwa juu ya leseni ya awali, kwa hiyo mashine za namna hiyo kwa kawaida zilitoka kiwandani na leseni yao wenyewe, mara nyingi ya Pro. Soma BIOS kwa ile amri ya PowerShell. Kuna uwezekano mkubwa unachotaka kununua unacho.

Umri wa mashine nao una neno. Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi sasa wanakimbilia 11. Ufunguo wa kiwandani wa Windows 10 unaikubali 11 ya toleo lile lile, ikiwa mashine yenyewe inatosha: iwe na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na kwa prosesa za Intel, kwa ujumla kuanzia kizazi cha 8. Ila funguo za Windows 7 na 8, zilizokuwa zikipita kwa miaka mingi, zilifungiwa njia mwaka 2023. Muuzaji akikuonyesha stika ya Windows 7 na kukuahidi 11 halali kwa stika hiyo, mkatalie.

Kuna hizi funguo za bei ya kutupa mtandaoni, elfu hamsini au chini ya hapo. Wanaozitetea hutaja Ujerumani, na si kwamba wanabuni. Mahakama Kuu ya Shirikisho ya huko iliamua mwaka 2000 kwamba Microsoft haiwezi kumzuia muuzaji kuuza nakala ya kiwandani mbali na kompyuta, na mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, ikaruhusu leseni za programu kuuzwa mara ya pili. Mimi binafsi naona waliamua kwa haki, maana mtu aliyelipia kitu aweze kukiuza. Lakini hizo ni hukumu za huko. Sisi tuna sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2006, inayolinda programu za kompyuta, na ufunguo wa elfu hamsini hauji na hati yoyote ya kuonyesha ulitoka kwa nani na umeuzwa kwa wangapi. Ukifungiwa, umefungiwa.

Mazabodi ikiungua, na kwa umeme wetu zinaungua, elewa kwamba leseni ya kiwandani imefungwa kwenye mazabodi hiyo. Kampuni iliyotengeneza mashine ikikubadilishia mbovu kwa mpya ya aina ile ile, leseni yako inaendelea. Fundi akichomoa mazabodi ya laptopu iliyokufa na kuiweka kwako, mashine itasoma ufunguo wa laptopu ile. Mwenye leseni ya rejareja hapa ndipo anapopata faida ya fedha aliyoitoa, hasa akiwa ameiunganisha na akaunti yake ya Microsoft. Kwa anayejiundia kompyuta ya mezani na kubadilisha vipande kila mara, nashauri rejareja bila kusita. Kwa mwalimu, mwanafunzi wa Wandegeya, karani wa duka la nafaka, ya kiwandani inatosha kabisa.

Sina ugomvi na mashine zinazouzwa na FreeDOS, yaani bila Windows. Ziko wazi, bei yake imeshuka, na mtu anaweza kuweka Ubuntu asidaiwe senti. Ugomvi wangu ni na muuzaji anayechukua mashine hiyo, akaipiga Windows ya wizi, akaipandisha bei hadi ile ya mashine yenye leseni.

Kwa hiyo naziomba shule, SACCO na mashirika yanayonunua kompyuta ishirini au hamsini kwa mpigo: katika zabuni andikeni toleo la Windows na aina ya leseni, kisha kabla ya kusaini mapokezi, mtu wenu aendeshe amri zile mbili kwenye kila mashine na kuandika majibu pembeni ya namba yake ya usajili. Muuzaji naye aandike aina ya leseni kwenye risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, kama anavyoandika ukubwa wa RAM na diski. Na wewe fundi mwenzangu, usiifomati mashine ya mama wa watu kabla hujamwonyesha kwenye skrini leseni aliyonayo.