Emma Bovary hakuuawa na mapenzi

Madame Bovary, riwaya ya Mfaransa Gustave Flaubert kuhusu Emma, mke wa daktari Charles Bovary, ikitajwa tu, mazungumzo hukimbilia usaliti wa ndoa. Flaubert mwenyewe alishtakiwa mwaka 1857 kwa kuchafua maadili, akaachiwa huru tarehe 7 Februari. Lakini anayeisoma riwaya hii kwa ajili ya Rodolphe na Léon, mahawara wa Emma, peke yao ameiruka nusu nzima. Mtazameni Lheureux, muuza vitambaa wa Yonville, mji wanakoishi Emma na Charles. Huyu ndiye kausha damu.

Someni tena sehemu ya pili, Rodolphe akishamtoroka Emma. Emma yu taabani kitandani, na kwa siku 43 Charles habanduki ubavuni mwake. Wagonjwa wake wamekosa daktari, dawa anachukua kwa Homais, mwenye duka la dawa, kwa deni. Siku hizo hizo Lheureux analeta joho na masanduku, vitu alivyoagiza Emma kwa safari ya kutoroka na hawara! Charles anabisha, kisha anachoka na kutia sahihi hati ya kuahidi kulipa faranga 180 baada ya miezi sita. Halafu, kwa wazo lake mwenyewe, anamkopa Lheureux 1,000 taslimu. Hati inaandikwa 1,070. Jumla 1,250. Na Lheureux hata haombi alipwe kwa wakati. Anatamani washindwe, hati zifanywe upya, pesa yake inenepe nyumbani kwa daktari kama mgonjwa anayelishwa vizuri.

Baadaye Emma anapata hati ya uwakala, yaani ruhusa ya kushughulikia mali kwa niaba ya mumewe, anauza mali ya urithi wa Charles huko Barneville kwa faranga 4,000, lakini madeni hayaishi, kwa kuwa kila hati mpya huzaa nyingine. Lheureux huzipitisha kwa Vinçart, mwenye benki wa Rouen, hivyo siku ya kudaiwa yeye ananawa mikono. Amri ya mahakama inakuja: faranga 8,000 ndani ya saa 24.

Simtetei Emma; mazulia na mapazia aliyataka mwenyewe. Charles naye alitia sahihi kila alichowekewa mbele.

Wapo watakaonijibu kwamba Emma akitoka kwa Rodolphe, aliyemnyima faranga 3,000, Flaubert anaandika wazi kuwa alishasahau habari ya fedha na aliumia kwa mapenzi tu. Ni kweli. Ndivyo alivyoishi miaka yote, moyo ukizungumza kwa sauti kubwa hadi asisikie hesabu. Anakwenda moja kwa moja kwenye sumu, aseniki ya Homais, na kuila. Baada ya mazishi, haupiti muda, Lheureux anamchochea tena Vinçart aanze kudai.