Namba ya dopamini tuiamini kiasi gani?

Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani, mwanakemia Ralph Adams na wenzake walichapisha habari za elektrodi (ncha inayopitisha umeme) ndogo ya kaboni waliyoichomeka ndani ya ubongo wa panya aliye hai. Waliipa volteji, mkondo wa umeme ukapita. Walichokuwa wakikitafuta ni dopamini na jamaa zake, zile kemikali ambazo seli za neva hutumia kupelekeana habari. Mkondo ulikuwepo kweli. Baadaye ikadhihirika kwamba sehemu yake kubwa ilitokana na vitamini C.

Kisa hicho hunirudia kila ninaposoma kwamba dopamini imepimwa ndani ya ubongo, sasa ubongo wa binadamu. Vitamini C imo kwenye ubongo kwa wingi unaoizidi dopamini mara maelfu, na zote mbili hutoa elektroni kwa volteji zinazokaribiana. Elektrodi hupokea elektroni tu, haijui zimetoka wapi. Ni kazi yetu kulijua hilo, na hapo ndipo ubishi wote wa miaka hamsini ulipo.

Tuanze na sababu za kuiamini, maana ni nzito. Dopamini ikigusa kaboni yenye volteji ya kutosha huoksidishwa, yaani kila molekuli huachia elektroni 2. Ukijumlisha umeme wote uliopita, unaweza kukokotoa idadi ya molekuli zilizogeuka, kwa kanuni iliyowekwa na Michael Faraday katika karne ya 19. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwanakemia Mark Wightman na wenzake waliweka uzi wa kaboni juu ya seli moja moja zilizotoka kwenye tezi za adrenali za ng'ombe, ambazo hutoa jamaa za dopamini. Kila kifuko kidogo ndani ya seli kilipofunguka na kumwaga shehena yake, mkondo uliruka na kushuka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kifuko kimoja, mruko mmoja. Sijui njia nyingine ya wakati ule iliyoweza kumwonyesha mtu tendo hilo likitokea na hapo hapo ikamhesabia molekuli. Kwangu mimi hicho ni kipimo kwa maana kamili ya neno.

Ndani ya ubongo mzima mambo si mepesi hivyo, na mbinu iliyoshika nafasi ni voltametria ya mzunguko wa kasi. Uzi wa kaboni wenye unene wa takriban mikromita 7, mwembamba kuliko unywele mara kumi hivi, hupewa volteji inayopanda kutoka -0.4 hadi 1.3 na kurudi, kwa kasi ya volti 400 kwa sekunde. Safari nzima huchukua milisekunde 8.5, na hurudiwa mara 10 kila sekunde. Dopamini huoksidishwa wakati wa kupanda, kisha hurejeshwa wakati wa kushuka, kwa hiyo huacha mchoro wenye kilima na bonde mahali panapojulikana. Vitamini C haiachi mchoro wa namna hiyo. Kwa njia hiyo kosa la 1973 lilipata dawa, ingawa noradrenalini, mmoja wa jamaa za dopamini, huacha mchoro ambao karibu haubaguliki na ule wa dopamini. Ndiyo maana mtafiti makini huchagua kwanza sehemu ya ubongo ambako dopamini ndiyo inayotawala, kisha huthibitisha kwa dawa kabla ya kutamka jina.

Udhaifu unaonisumbua zaidi ni mwingine. Volteji ikipanda kwa kasi hiyo, uso wa kaboni wenyewe huvuta mkondo mkubwa unaoufunika kabisa ule wa dopamini. Watafiti huuondoa kwa kutoa: mkondo wa sasa, ukipunguzwa ule wa sekunde chache zilizopita. Kinachobaki ni badiliko. Na kwa kuwa mkondo huo wa msingi huyumba polepole, hesabu hiyo haiaminiki ikivuka dakika moja au mbili. Maana yake ni kwamba chombo kinaweza kukuambia dopamini imepanda sasa hivi, nusu sekunde baada ya panya kusikia kengele, lakini hakiwezi kukuambia ilikuwa kiasi gani kabla ya kengele. Zipo mbinu mpya zinazoiacha dopamini ijishike kwanza kwenye kaboni ili kiwango cha utulivu nacho kipimwe, lakini matokeo mengi mashuhuri yalitokana na ile ya kutoa. Nalisema hili kwa sababu mitandaoni watu wanaambiwa kila siku kwamba simu "imeshusha kiwango chao cha dopamini". Kiwango hicho ndicho hasa ambacho mbinu hii haikipimi.

Wanaoikosoa elektrodi wana silaha mbili. Ya kwanza ni ya zamani: mrija mwembamba wa kuchuja majimaji ya ubongo, uliokuzwa na mtafiti Urban Ungerstedt kule Sweden. Huchukua sampuli kila baada ya dakika kadhaa, nazo hupelekwa kwenye mashine ya kutenganisha kemikali, kwa hiyo jina la kemikali halina shaka. Ila mrija huo ni mnene kuliko uzi wa kaboni mara makumi, huumiza tishu, na dakika kadhaa ni umri mrefu kwa ubongo. Tena mashine hiyo kwa kawaida humalizia kazi yake kwa elektrodi, ufundi uliotoka katika maabara ile ile ya Adams.

Silaha ya pili ni mwanga. Mwaka 2018 maabara ya Lin Tian nchini Marekani na ya Yulong Li nchini China zilitoa protini zinazong'aa zinapoikamata dopamini. Jeni zake huingizwa kwenye seli kwa virusi vilivyofugwa kwa kazi hiyo, na tangu hapo maabara nyingi zimehamia huko. Nawaelewa. Protini huchagua molekuli yake vizuri kuliko kaboni, na inaweza kutengenezwa hata kwa glutameti na asetilikolini, kemikali nyingine za neva, ambazo elektrodi tupu haizioni mpaka ipakwe vimeng'enya. Lakini mwanga hutoa asilimia ya kung'aa, hautoi nanomola, yaani kiasi halisi cha kemikali. Na kwa mgonjwa aliyelala mezani akisubiri kuwekewa vichocheo vya umeme kichwani, hakuna atakayemtia jeni ngeni ubongoni ili apimwe tu.

Mgonjwa huyo ndiye anayefanya swali hili liwe zito. Mwaka 2016 watafiti Kenneth Kishida, Read Montague na wenzao walitangaza vipimo vya dopamini kutoka kwa wagonjwa 17 wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili, waliokuwa macho wakati wa upasuaji, wakicheza mchezo wa kuwekeza fedha huku elektrodi ikiwa ndani ya ubongo wao. Namba hazikutoka kwenye mkondo moja kwa moja. Zilitoka kwenye modeli ya takwimu iliyofundishwa kwa kuiwekea elektrodi michanganyiko ya dopamini maabara, ndani ya chombo. Ubongo una protini zinazoganda kwenye kaboni na asidi inayobadilika kila seli zinapofanya kazi. Modeli iliyolelewa kwenye chombo inaweza kukosea ubongoni bila kutoa dalili yoyote ya kukosea.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kazi ile isingefanywa. Wagonjwa waliridhia, walikuwa wanapasuliwa hata hivyo, na hatuna mlango mwingine wa kuona kemikali hii ikibadilika ndani ya sekunde moja mtu anapoamua jambo. Ninachokikataa ni kuisoma namba ile kama tunavyosoma sukari ya damu. Lini ilipanda, lini ilishuka, baada ya mtu kushinda au kushindwa: hayo nayachukua kwa uzito. Kiasi katika nanomola nakishika kwa tahadhari. Na mgonjwa wa Parkinson ameshapoteza sehemu kubwa ya seli zinazotengeneza dopamini, kwa hiyo ubongo wake hauwezi kuwasemea wote.

Kuna sharti moja ningeliweka kwa kila chapisho la namna hii: michoro ghafi ya mkondo itolewe pamoja na makadirio ya modeli, kwa kila mgonjwa. Kilima na bonde la dopamini vina umbo linalojulikana. Msomaji apewe nafasi ya kuyatafuta mwenyewe.