Andika Jina Nyuma ya Picha

Vijana wanaotaka kuwa wapigapicha wa habari, wanaoniletea picha zao niwachujie hapa Moshi, na wale wanaoshuka kutoka Arusha, karibu wote huanza na Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Kibo asubuhi, Kibo jioni, Kibo na wingu limekaa juu yake kama kofia. Halafu simba wa Serengeti aliyepigwa kutoka kwenye gari la kampuni ya utalii, Mmasai ameruka juu, bibi harusi chini ya mjakaranda. Picha kali, rangi imekolea. Nawaambia wazitoe zote, na wengine huondoka wamenuna.

Siudharau utalii. Umesomesha watoto wengi huku kaskazini, mimi nikiwa mmojawapo. Ila umetuzoesha kutazama kwetu kwa jicho la mgeni. Mhariri wa picha akifungua potifolio, yaani mkusanyo wa picha teule, ya mtu wa Kilimanjaro hatafuti mlima, milima anayo ya kutosha. Anataka kujua kama huyu anaweza kutumwa kwenye mgogoro wa maji, kwenye mafuriko, kwenye mkutano mkuu wa chama cha ushirika ambako wajumbe hawasalimiani, akarudi na picha inayoonyesha kilichotokea pamoja na maelezo yasiyo na kosa. Hayo maelezo ndiyo yamenifanya nikae kuandika leo, kwa sababu yalinigharimu.

Kazi hii niliipata kwa kukaa kwa fundi. Fundi huyo, niliyemwita Mzee, alikuwa na studio nyuma ya stendi, ya pasipoti na picha za kipaimara, na pembeni alikuwa akipeleka picha za habari Dar es Salaam. Enzi hizo mkanda wa filamu ulitiwa kwenye bahasha, ukakabidhiwa kondakta wa basi la alfajiri, na mtu wa gazeti akausubiri mwisho wa safari. Ukikosea jina la mtu, hakuna simu ya mkononi ya kusahihishia. Kwa hiyo alikuwa mkali wa majina kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi.

Siku ya kwanza nilimpelekea picha 84 kwenye flashi. Hakuitazama. "Kasafishe, binti, ulete za karatasi." Nikahesabu pesa zangu, nikaona haziwezi kusafisha 84. Nikakaa usiku kucha nikichagua, zikabaki 31. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba somo lilikuwa limeanza usiku ule. Aliyelipia kila picha kwa pesa yake mwenyewe hupunguza bila huruma.

Akazipanga juu ya kioo cha kaunta, akatoa penseli laini droo ya chini. Penseli, si kalamu ya wino, kwa kuwa kalamu huchimba karatasi na mchubuko ukajitokeza usoni mwa picha. Akachukua ya kwanza: mama ameinama juu ya mikungu ya ndizi soko la Mbuyuni, jua limemkata nusu ya uso. Nilikuwa naipenda mno. Akaigeuza nyuma, penseli mkononi.

"Huyu ni nani?"

"Sijui jina lake, Mzee."

Akaiweka pembeni, kifudifudi. Akachukua ya pili. Huyu? Na huyu? Hii ilikuwa lini? Ulikuwa upande gani wa Pasua? Tulipomaliza, zilizoandikwa nyuma zilikuwa sita. Akanisogezea zile sita. "Hizi ni zako. Zile 25 uliziokota."

Nililia njia nzima hadi kwetu Majengo. Kesho yake nikaenda Mbuyuni kumtafuta yule mama wa ndizi.

Watu wengi wanapotafuta mlezi katika kazi hii wanatafuta mtu wa kuwasifu, au wa kuwashika mkono hadi ofisi ya mhariri. Sioni kama hilo ndilo linalokosekana. Sifa unazipata mtandaoni, bure, kutoka kwa watu mia mbili kabla ya chai. Kinachokosekana ni mtu mzima mwenye jicho atakayekaa na wewe saa nzima na kukuuliza mambo ambayo huna majibu yake. Picha zako mwenyewe huwezi kuzichuja vizuri, kwa sababu wewe unakumbuka baridi uliyopigwa na matope uliyokanyaga siku ile. Yeye anaona karatasi tu.

Wapo pia mafundi ambao utajifunza kwao bila kukutana nao. Mohamed Amin alianzia upigaji picha Dar es Salaam akiwa kijana, na kampuni yake ya Camerapix aliifungua huko huko mwaka 1963. Dunia ilipoiona njaa ya Ethiopia mwaka 1984, iliiona kwa kamera yake. Alikuwa na zaidi ya miaka 20 kazini. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ukamkata mkono wa kushoto, akarudi kazini na mkono wa bandia, akafanya kazi hadi alipofariki mwaka 1996 kwenye ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini Komoro. Inaniuma kukutana na mwanafunzi wa uandishi wa habari wa Tanzania anayewajua wapigapicha wa Marekani kwa majina na huyu hajawahi kumsikia.

Sasa kosa langu.

Kutokana na zile picha sita, Mzee aliniambia nichague jambo moja lililo karibu, ninaloweza kulirudia kwa nauli ya daladala. Nikachagua mfongo mmoja kule Kibosho. Kwa msomaji wa mbali: mifongo ni mifereji ya zamani ya Wachagga inayotoa maji mitoni na kuyashusha vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba ya nyumbani, kwa zamu. Anayekosa zamu yake migomba inamkaukia, kwa hiyo maji hayo yana siasa kuliko uchaguzi. Nilipanda mara nne, nikapiga picha za msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji, na moja ikachapwa gazetini: mzee mmoja amesimama kwenye banio, pale maji yanapoelekezwa, maji magotini, mkono umenyooka akiwaelekeza vijana. Chini nikaandika kwamba ndiye mwenyekiti wa mfongo.

Hakuwa mwenyekiti. Alikuwa ameondolewa miezi miwili nyuma kwa ugomvi wa zamu hizo hizo. Mimi hakuna aliyeniambia ni mwenyekiti. Nilimwona anaamuru, nikaamua. Upande wa pili wakaja na gazeti kwenye msaragambo uliofuata, wakamsimamisha mbele ya watu wakisema amenilipa nimrudishie cheo. Mtu wa miaka zaidi ya 70. Binti yake alinipigia simu, hakupandisha sauti, akasema tu, "Dada, baba hajala tangu jana."

Nilimpelekea Mzee habari hiyo nikiwa natetemeka. Hakunigombeza. Alitoka nje, akakata jani la sale kwenye ua wake, akalifunga fundo, akanipa. Kwetu, anayekuja na sale amekuja kuomba radhi, na ni vigumu mno kumfukuza. Nikapanda nalo Kibosho nimelishika kwa mikono miwili, abiria wote wananitazama na hakuna aliyeniuliza, maana kila mmoja alijua.

Babu yule alilipokea mlangoni, akamwita mdogo wake na yule mwenyekiti wa sasa, akaniambia nisome kwa sauti nilichokuwa nimeandika. Nikasoma. Kisha akanitajia jina lake herufi kwa herufi, la ubatizo kwanza, la ukoo baadaye, na mimi nikaliandika kwenye daftari mbele yao. Gazeti lilichapa masahihisho mafupi wiki iliyofuata. Mwezi uliofuata babu mwenyewe ndiye aliyeniita nije zamu ya usiku. Saa nane za usiku, tochi moja, maji yanaingia kihambani yakiwa meusi, na uso wake unang'aa kutoka chini. Picha hiyo ndiyo inayofungua potifolio yangu hadi leo.

Nikiyaeleza haya, vijana hudhani naongelea adabu za zamani. Naongelea kazi ya leo. Penseli ya Mzee sasa iko ndani ya faili lenyewe: ule utaratibu wa IPTC, uliowekwa kwa ajili ya vyombo vya habari duniani, una nafasi ya maelezo, jina la mpigapicha, tarehe, mahali na haki. Jaza zote jioni ile ile. Na usinitumie kazi kwa WhatsApp kama picha za kawaida. Inazibana na kuyafuta hayo yote. Itume kama dokumenti.

Kuhusu idadi, kumi zinatosha kuanzia. World Press Photo, shindano maarufu la kimataifa la picha za habari, katika kundi la simulizi hupokea picha nne hadi kumi. Ukiwa na 40 maana yake bado hujachagua.

Na usiguse kilichomo ndani ya picha. Mwanga rekebisha kidogo, basi. Mwaka 2014 shirika la habari la AP liliachana na mpigapicha Narciso Contreras, aliyekuwa kwenye timu iliyoshinda tuzo ya uandishi wa habari ya Pulitzer mwaka uliotangulia, kwa sababu ya kufuta kamera ya mwenzake kwenye kona ya picha moja ya Syria. Kona tu. Mtu atasema ni ukali uliopitiliza. Mimi niliyebeba sale hadi Kibosho kwa neno moja nasema walikuwa sahihi.

Ithibati ya uandishi wa habari nayo tafuta mapema, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inaitaka, na kitambulisho kitakuokolea mabishano mengi getini. Bahasha za pesa za waandaaji wa mikutano ziache mezani hata kama nauli imekuishia. Nimewahi kutembea kwa miguu kutoka Kiborloni kwa sababu hiyo.

Potifolio yangu ya mfongo ina picha tisa. Nane zimeandikwa nyuma. Ya tisa ni mtoto wa kike amechuchumaa kwenye kona ya mfereji, amekinga maji kwa kiganja, na siku ile nilikuwa nimeshikilia kamera nikasahau daftari. Mzee hajaniruhusu kuionyesha. Nimeulizia vihamba vitatu, wakaniambia familia yake ilihamia Kahe. Jumamosi nashuka Kahe.